Toa Ulimi

Alikuja Jumatano, kliniki ya meno, Ibra,
kwa ajili ya gego la chini lililomnyima usingizi:
Zahran bin Musabah, dereva wa boza la maji,
viganja vimechubuka kwa mpira wa kujazia matangi.
Nikasema kwa Kiarabu, fungua kinywa.
Lafudhi ikanisaliti.
"Mama yako wa Unguja?"
"Wa Pemba. Chake."
Basi Kiarabu kikabaki mlangoni pamoja na viatu.

Gego lilikuwa la kung'olewa tu.
Lakini taa ilipopanda hadi kaakaani
nikaliona doa.
Zambarau. Upana wa ukucha wa kidole cha mwisho,
limeinuka kidogo, kama jambo linalotaka kusemwa.

"Umekula nini?"
"Zambarau," akasema, macho yanacheka:
za jirani, Bububu, kabla hawajahamia huku,
na mama yake akiwapanga ukutani wote wanne.
Toa ulimi. Hakuwa na swali jingine.
Ulimi ulikuwa shahidi, mshitakiwa na hukumu.

Nikachukua kipande cha kioo, nikabonyeza.
Damu iliyomo mishipani hukimbia, rangi hupauka.
Hii haikukimbia.
Si jeraha la meno ya bandia, maana hana.
Si madini ya kuzibia jino, hakuzibwa upande ule.
Nikamwomba apandishe dishidasha.
Kwenye muundi matatu. Na moja nyuma ya sikio,
ambalo mkewe alilipaka mafuta ya habasoda mwezi mzima.
"Mpira wa boza huo, hunigonga."
"Na nyuma ya sikio nako hukugonga?"
Akanyamaza.

Ndipo lilipokuja swali ambalo ningelianza nalo:
unameza dawa gani?
Akatoa mfuko wa nailoni, umekunjika kwa kukaliwa.
Asubuhi na jioni, mwaka wa pili sasa,
tangu dadake Ghania alipompa figo.

Ili mwili usiifukuze nyama ya dada
dawa huwalaza walinzi.
Na walinzi wakilala, hutoka hata yule
aliyejibanza uani pengine tangu utotoni,
kirusi kisicho na kishindo.
Hupanda mti. Huchuma. Hupaka midomo ya mwenye nyumba.

Nilikata kipande, punje ya mtama,
kikaenda Maskati ndani ya kichupa.
Siku tisa. Jibu likarudi:
seli nyembamba zimelala sambamba,
damu imevuja kati yake
kama falaji lililopasuka chini kwa chini.

Nilitafuta lugha ya kumwambia.
Zambarau ina pa kujificha, tunda huku, rangi kule,
lakini saratani ni saratani, Kiarabu na Kiswahili,
neno lisilo na mlango wa uani.
Nikalitamka mara moja.
Likatosha kwa lugha zote mbili.

Hakuuliza atakufa lini.
Aliuliza: "Figo ya Ghania itarudishwa?"
Nikamweleza: wa Maskati watapunguza dawa, moja wataibadilisha,
wawaamshe walinzi nusu jicho,
wamwone mwizi, wasimwone mgeni.
"Nusu jicho," akasema.
"Kama mimi barabara ya Sinaw, saa tisa za usiku."

Miezi mitano. Gego tulishaling'oa.
Jana kaja bila miadi, boza linanguruma nje,
hakuvua hata kofia,
akaketi na kutoa ulimi,
ingawa doa halikuwahi kuwa kwenye ulimi.
Nikawasha taa. Kaakaani imebaki rangi
ya chai iliyomwagika juzi ikafutwa kwa haraka.
Damu yake bado hupimwa kila Jumatatu;
tarakimu hupanda, tarakimu hushuka.
Ghania hajaambiwa.

"Nimeiba?" akauliza, kinywa wazi,
neno limetoka bila konsonanti.
Nikaiacha taa iwake
kuliko nilivyoihitaji.